Mtaro ni wa halmashauri, mguu ni wako

Masika ya miaka michache iliyopita, mama mmoja wa mtaani kwetu anayeuza vitumbua alitoka nyumbani saa kumi alfajiri, ndoo ya unga kichwani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na maji yamefika usawa wa barabara. Mfuniko wa zege wa mtaro ulivunjika tangu mwaka uliotangulia, nasi sote tulilijua shimo hilo. Kiangazi tuliliruka, watoto wakatupia mawe ndani. Alfajiri ile maji yalilifunika. Mguu ukavunjika juu kidogo ya kifundo, na kwa miezi mitano hakupika kitumbua hata kimoja.

Alikwenda ofisi ya serikali ya mtaa akichechemea na gongo. Mtendaji akamwambia kwa adabu kabisa, "Mama, andika barua kwa mkurugenzi, ipitie hapa kwangu niigonge muhuri." Akaandika. Wiki sita baadaye akajibiwa kwamba suala lake linafanyiwa kazi. Akaandika tena, akaambiwa mtaro ule huenda uko chini ya taasisi nyingine. Akaenda huko, akarudishwa alikotoka. Alipofika kwa msaidizi wa kisheria, miezi kumi na minne ilikuwa imepita, na swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa, "Uliumia lini?"

Tarehe ndiyo iliyomshinda. Hakuna hakimu aliyesikia habari za mtaro wala za mguu.

Nimeona watu wengi wakiamini kwamba huwezi kuidai halmashauri fidia, kwamba serikali ni serikali na ukiumia umeumia. Si kweli, na imani hiyo inaumiza watu kuliko mashimo yenyewe. Haki ya kudai ipo, imeandikwa, na mahakama zetu zimeitetea. Kilichoharibika ni njia ya kuifikia. Kwa Tanzania Bara, ambayo ndiyo ninayoizungumzia hapa, njia hiyo imezidi kuwa ndefu tangu 2020.

Tuanze na haki yenyewe. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali ni ya 1967, na kiini chake ni rahisi: mtumishi wa umma akikosea akiwa kazini na kumletea mtu madhara, serikali hubeba kosa hilo kama vile mwajiri yeyote angebeba kosa la mfanyakazi wake. Dereva wa gari la taka akimgonga mtu, muuguzi wa zahanati akichoma dawa isiyostahili, mkandarasi wa halmashauri akiacha shimo bila uzio, mlango wa kudai uko wazi. Ibara ya 107A ya Katiba inaziagiza mahakama kutoa fidia ipasavyo kwa watu wanaoathirika kutokana na makosa ya wengine, na inaziagiza pia kutenda haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Ninaomba msomaji aikumbuke ibara hiyo, maana masharti ya kiufundi ndiyo yatakayotusumbua hadi mwisho wa makala haya.

Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Ulikuwa huwezi kuishtaki serikali bila kwanza kupata ridhaa ya serikali yenyewe. Unamwomba ruhusa yule unayetaka kumpeleka mahakamani, naye akinyamaza, basi. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani, katika shauri ambalo kila mwanasheria wa nchi hii analifahamu kwa jina la Pumbun, ilitamka kwamba sharti hilo linakwenda kinyume na Katiba. Mwaka uliofuata Bunge likaiondoa ridhaa na badala yake likaweka notisi: mwananchi anaipa serikali taarifa ya siku 90 kabla ya kufungua shauri. Ulikuwa ushindi mkubwa, na sina kinyongo na notisi. Ni haki mtu aambiwe anadaiwa nini, apate nafasi ya kulimaliza jambo nje ya mahakama.

Halmashauri wakati huo zilikuwa na utaratibu wake. Sheria za serikali za mitaa za 1982, moja ya mamlaka za wilaya na nyingine ya mamlaka za miji, zilizichukulia kama watu wa kisheria wanaoweza kushtaki na kushtakiwa kwa majina yao. Notisi yake ilikuwa fupi zaidi, na mtu aliweza kwenda kwenye mahakama ya ngazi inayolingana na ukubwa wa dai lake. Hilo lilikuwa na mantiki. Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kama madaraka yako jirani, lawama nayo iwe jirani.

Ndipo yakaja marekebisho ya 2020. Kwa mabadiliko yale, halmashauri, hadi serikali ya kijiji, ziliingizwa chini ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali pamoja na wakala za serikali na mashirika ya umma. Matokeo yake ni haya: notisi ni ya siku 90, na nakala zake ziende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali. Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye shauri, na asipounganishwa shauri zima linaharibika. Na kwa kuwa mashauri dhidi ya serikali hufunguliwa Mahakama Kuu, mgogoro wa mwanakijiji na serikali ya kijiji chake kuhusu kisima au kiwanja nao ukapanda huko. Mashauri ya ardhi dhidi ya vijiji yaliyokuwa yakisikilizwa kwenye mabaraza ya wilaya yakaanza kuanguka moja baada ya jingine kwa sababu hiyo tu.

Naielewa hoja ya serikali. Halmashauri zilikuwa zikishindwa kesi ambazo hazikutetewa vizuri, hukumu za fedha nyingi zikatoka wakati ofisi inayolinda fedha za umma haina habari. Kumpa Mwanasheria Mkuu taarifa ni jambo la busara. Lakini taarifa ingetosha. Kulihamisha kila dai, dogo na kubwa, hadi Mahakama Kuu ni sawa na kumwambia mtu wa Liwale kwamba mtaro uliomvunja mguu uko kijijini kwake ila haki ya mguu huo iko mbali, kwenye Mahakama Kuu. Nauli, wakili, siku za kulala mjini, kesi kuahirishwa. Gharama hizo zinaipita thamani ya dai kabla shahidi wa kwanza hajapanda kizimbani. Mwenye dai la milioni mbili atajiuliza mara moja tu, kisha atakaa nyumbani.

Sasa turudi kwenye tarehe, kwa sababu hapa ndipo watu wanapozama bila kujua. Sheria ya Ukomo wa Muda inasema shauri la madhara, lile ambalo wanasheria huliita la daawa ya kiraia isiyotokana na mkataba, lina miaka mitatu. Wengi wanaifahamu miaka hiyo mitatu na wanajipa moyo. Lakini jedwali la sheria hiyohiyo lina kipengele kingine, cha kwanza kabisa, kinachosema fidia kwa kitendo kilichofanywa, au kilichoachwa kufanywa, katika kutekeleza sheria iliyoandikwa ina mwaka mmoja. Sasa, halmashauri hufanya nini ambacho hakitokani na sheria iliyoandikwa? Inasafisha mitaro kwa sheria, inakusanya taka kwa sheria, inabomoa vibanda kwa sheria. Wakili wa upande wa pili akikishika kipengele hicho kama pingamizi la awali, unajikuta unabishana juu ya kalenda badala ya kubishana juu ya mfuniko uliovunjika. Yule mama wa vitumbua alikuwa nje kwa miezi miwili.

Na miezi yake ilikwenda wapi? Ilikwenda kwenye majibu ya "linafanyiwa kazi". Simtuhumu mtu yeyote kwamba alichelewesha makusudi. Ninachosema ni kwamba mfumo unaomhesabia mwananchi siku, huku ukimruhusu mtumishi kujibu bila tarehe, utazaa matokeo haya kila mwaka, hata kama ofisi zote zimejaa watu wema. Barua ya malalamiko haisimamishi saa. Kikao na mkurugenzi hakisimamishi saa, wala ahadi ya diwani. Upo mlango mdogo: Waziri mwenye dhamana ya sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, anaweza kuongeza muda, lakini nyongeza hiyo haizidi nusu ya muda uliowekwa. Kwa dai la mwaka mmoja, ni miezi sita. Ni wangapi mtaani wanaojua kwamba mlango huo upo? Mimi mwenyewe niliujua baada ya mama yule kushindwa, na hilo linaniuma.

Kuna tatizo la tatu, nalo ni la kumjua unayemdai. Mwananchi anaona "serikali" moja. Sheria inaona nyingi. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya wakala wa TANROADS. Barabara za wilaya na za mitaani zilikuwa za halmashauri hadi 2017 ulipoanzishwa wakala mwingine wa barabara, TARURA. Maji vijijini ni wakala wa RUWASA tangu sheria ya 2019, na mijini kuna mamlaka za maji. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya ni za halmashauri, lakini hospitali ya rufaa ya mkoa iko chini ya Wizara ya Afya. Soko, dampo, machinjio na shule ya msingi, rudi halmashauri. Mtaro wa kando ya barabara? Hapo ndipo ofisi mbili zinapoweza kutazamana. Ukimshtaki asiyehusika umepoteza miezi, na saa ile haijasimama. Mgawanyo huu ulifanywa kwa sababu nzuri za kiutendaji, siupingi. Ila haukuandamana na kitu kidogo ambacho kingemsaidia raia: wajibu wa ofisi inayopokea dai lisilo lake kulipeleka yenyewe kunakohusika na kumjulisha mdai kwa maandishi.

Ushahidi nao, hasa wa hospitali, umekaa mikononi mwa anayedaiwa. Faili la mgonjwa liko zahanati, ratiba ya zamu iko zahanati, daftari la wodi liko zahanati. Hapa napenda kuwakumbusha wenzangu kwamba Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku zisizozidi 30 kujibu ombi la taarifa. Itumieni. Andikeni ombi wiki ileile, si baada ya mazungumzo kuvunjika.

Ng'ambo ya mpaka kuna shauri ninalolirudia mara kwa mara. Agosti 2013, huko Bungoma, magharibi mwa Kenya, mama mjamzito alikwenda kujifungua katika hospitali ya umma. Huduma za uzazi zilikuwa zimetangazwa kuwa bure tangu Juni ya mwaka huo, lakini alitakiwa kujinunulia dawa na pamba. Hakupata kitanda cha kujifungulia, akajifungulia sakafuni kwenye korido, na wauguzi wakamtukana na kumpiga makofi. Mtu aliyekuwapo alirekodi video. Machi 2018 Jaji Abida Ali-Aroni wa Mahakama Kuu aliamua kwamba utu wa mama yule na haki yake ya afya vilivunjwa, kwamba serikali ya taifa na ya kaunti hazikusimamia viwango vya huduma ipasavyo, akaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya na aombwe radhi rasmi.

Ninalirudia shauri hilo kwa sababu ya njia lililopita. Kenya nayo ina sheria kali ya ukomo: shauri la madhara dhidi ya serikali au mamlaka ya mtaa lina miezi 12 tu. Lakini shauri la Bungoma lilifunguliwa kama ombi la kikatiba, na Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaja fidia waziwazi miongoni mwa nafuu ambazo mahakama inaweza kutoa haki ya msingi inapovunjwa. Ibara yake ya 46, inayolinda walaji, inasema inahusu pia huduma zinazotolewa na taasisi za umma. Na sharti la notisi ya siku 30 dhidi ya serikali lilitamkwa na Mahakama Kuu ya Nairobi mwaka 2012 kuwa linakwaza haki ya kuifikia mahakama. Sisi, mwaka uleule wa 2020, tulirekebisha sheria ya utekelezaji wa haki za msingi ili anayefungua shauri aonyeshe kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Wenzetu walipanua mlango, sisi tukaupunguza.

Siwasifu kupita kiasi. Kushinda na kulipwa ni mambo mawili, huko na huku. Kenya huwezi kukamata gari la kaunti ili ujilipe. Unachukua hati ya amri ya mahakama, unasubiri, na usipolipwa unarudi mahakamani kuomba ofisa husika alazimishwe. Kwetu, marekebisho ya 2020 yaliipa halmashauri kinga ileile ya serikali kuu: mali yake haikamatwi kukaza hukumu. Naiunga mkono kinga hiyo, kwa kweli. Sitaki kuona gari la wagonjwa la kituo cha afya likipigwa mnada ili kumlipa aliyeumizwa na gari la taka. Lakini ukishamwondolea mdai uwezo wa kukamata mali, una deni la kumwonyesha fedha zitatoka wapi na lini.

Hapa ndipo ninapoweka pendekezo langu. Tangu 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ilianza kama agizo, ikadharauliwa kwa miaka, na ilipowekwa ndani ya sheria ikawa jambo ambalo mkurugenzi anaulizwa na mkaguzi. Nataka utaratibu wa namna hiyo kwa fidia. Sehemu ndogo sana ya mapato ya ndani iwe mfuko wa madai, na iwepo kamati ndogo ya kuyasikiliza yale yasiyozidi kiwango kitakachowekwa, ikiwa na mwanasheria wa halmashauri, mganga au mhandisi kulingana na dai, na mtu mmoja asiye mtumishi. Ijibu ndani ya siku 60 kwa maandishi na kwa sababu. Na siku ambayo dai limepokelewa, saa ya ukomo isimame hadi jibu litoke. Hilo la mwisho ndilo la lazima kuliko yote; hata mengine yakishindikana, hilo peke yake lingemwokoa yule mama.

Nitaambiwa kwamba kila mtu ataibuka na mguu uliovunjika. Sidhani. Atatakiwa kuonyesha PF3, fomu ya polisi ya aliyeumia, vyeti vya hospitali, picha, mashahidi na risiti, kwa sababu hasara halisi kisheria huthibitishwa senti kwa senti. Anayedanganya atakwama hapo. Nitaambiwa pia kwamba fedha hizo ni za wananchi haohao, ni ushuru wa soko. Ni kweli. Lakini mtu akivunjika mguu mtaroni, gharama imeshatoka kwa mwananchi mmoja. Miezi mitano bila vitumbua ililipwa na mama yule, na watoto wake wawili walirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa ajili ya michango. Kuigawa gharama hiyo kwa halmashauri nzima ni haki kuliko kumwachia aliyetumbukia shimoni.

Na kuna faida ambayo waweka hazina wangeipenda. Halmashauri inayolipa madai ina orodha ya mahali inapoumiza watu. Ikilipa mara tatu kwa mtaro uleule, mhandisi ataulizwa. Mahali ambapo madai yanafia kwenye kaunta ya masjala, shimo halina kumbukumbu yoyote kwenye vitabu.

Wakati tukisubiri sheria, anayeumia leo asisubiri. Apige picha ya shimo siku ileile kabla halijazibwa, achukue PF3, aandike barua na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Aende kwa msaidizi wa kisheria ndani ya mwezi wa kwanza. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wasaidizi hao wanatambuliwa rasmi. Notisi ya siku 90 itoke mapema, akihesabu mwaka mmoja kana kwamba mitatu haipo. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo inapokea malalamiko bila malipo na inaweza kupendekeza fidia, ingawa kuilalamikia hakukuondolei wajibu wa kuangalia kalenda.

Mabaraza ya madiwani hukutana kila robo mwaka, na vikao vyake viko wazi kwa wananchi. Mimi nimemwandikia diwani wetu swali moja la kuuliza katika kikao kijacho: mwaka huu wa fedha halmashauri imepokea barua ngapi za watu wanaodai kuumizwa na huduma zake, ngapi zimejibiwa, na aliyesubiri kuliko wote amesubiri siku ngapi. Nitakwenda kukaa pale nyuma nisikilize. Mama wa vitumbua amesema atakuja nami, kwa hiyo tutatoka mapema, maana anatembea polepole.